Bokali Namba Kumi na Saba

Katika maabara ninakofanya kazi sasa, wenzangu wakifungua chupa ya formoli, ile dawa ya kuhifadhia wanyama waliokufa, huziba pua na kukimbilia dirishani. Mimi hubaki palepale. Macho yananiwasha kama wao, lakini kwangu harufu ile ni ya chumba kimoja cha Bunia, ya sanduku la bati chini ya kitanda, na ya mwanamke aliyenifundisha kumtambua mnyama wa bahari ilhali bahari yenyewe hakuwahi kuiona hata siku moja. Wiki iliyopita nilipigiwa simu kwamba amefariki. Niacheni basi niseme habari zake, hasa kwenu mliokuwa watoto siku zile kama mimi.

Jina lake lilikuwa Veronika, ila kwangu alikuwa Mama Mukubwa, maana ni dada mkubwa wa mama yangu. Vita vilikuwa vimetukimbiza mpaka Beni, na baba na mama walibaki huko kwanza, wakipima kama amani itashika. Mimi nilitangulizwa Bunia kwa Mama Mukubwa ili nisipoteze mwaka mwingine wa shule. Nilikuwa na miaka tisa.

Amani ya wakati ule mnaikumbuka. Magari meupe ya askari wa kofia za bluu yanapita polepole, wamama wanauza nyanya na mawese, vumbi jekundu linatulia juu ya kila kitu. Halafu mlio mmoja unasikika upande wa njia ya Djugu, na soko zima linanyamaza. Kulikuwa pia na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Uliweza kuingia kwa jirani ukamkuta amekalia kiti chako, au mlango wako umepachikwa kwenye nyumba yake, nawe ukakaa, ukanywa chai, ukauliza habari za watoto. Bati hili lilikuwa la nani, sufuria hii ilitoka wapi, hayo hayakuulizwa. Watu walikuwa wamechoka kuzika.

Kabla ya vita Mama Mukubwa alikuwa mfagiaji katika shule moja kubwa ya sekondari, na chumba alichokabidhiwa kilikuwa cha biolojia. Humo mlikuwa na makabati ya vioo yaliyojaa wanyama wa bahari, walioletwa zamani na walioanzisha shule. Wengine walielea katika formoli ndani ya bokali, zile chupa kubwa za mdomo mpana zenye kifuniko cha kioo na mpira wake. Wengine walikuwa wakavu. Wengine walikuwa mawe, yaani wanyama waliokufa zamani mno hata miili yao ikageuka jiwe. Kila mmoja alifungiwa kwa uzi kibati kidogo chenye namba, na kama alikaa ndani ya bokali, namba ileile ilipakwa rangi nyeupe chini ya bokali yake.

Mama Mukubwa aliacha shule darasa la tatu. Kusoma alisoma polepole, kidole chini ya neno. Lakini kwa miaka mingi alipangusa wale wanyama kwa unyoya wa kuku huku prof, mwalimu wa biolojia, akifundisha, na aliyosikia hayakumtoka tena. Majina ya Kifaransa na ya Kilatini aliyataja kwa sauti ya prof mwenyewe, pamoja na kikohozi chake. Siku prof alipokimbia, alimkuta pale mlangoni akamwambia, "Veronika, funguo inabaki kwako." Hakuongeza neno. Mama Mukubwa aliufunga ule ufunguo kiunoni kwa kamba na kuuchukua kama kiapo.

Kisha shule ikaporwa. Walioingia hawakuwa na haja na wanyama, walitaka bokali, maana bokali nzuri inahifadhi karanga ya kusaga, asali, chumvi na mafuta. Formoli ikamwagwa, wanyama wakatupwa mtaroni nyuma ya shule. Mama Mukubwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi mtaani, na kabla hajatafuta sufuria zake mwenyewe alishuka mtaroni na chekeche la unga akawachekecha kutoka kwenye matope, mmoja mmoja. Aliwaanika ndani ya nyumba na kuwalaza katika sanduku la bati, kila mmoja amefungwa kwenye kipande cha kitenge. Alingoja ile sekondari ifunguliwe awarudishe.

Jumapili baada ya misa alifunga mlango, akalivuta sanduku, na darasa langu likaanza. Sijapata mwalimu mwingine kama yule. Hakunionyesha mnyama na kuniambia jina. Alinipa mkononi, akangoja.

"Tafuta kinywa kwanza," aliniambia kwa Kiswahili cha Bunia, ambamo mnyama ni nyama. "Kila nyama iko na fasi ya kukulia. Ukipata kinywa, utajua anaishi namna gani. Jina itakuja nyuma."

Nami nikatafuta. Nilimgeuza nyota wa bahari na mikono yake mitano nikakuta kinywa kimejificha chini, katikati kabisa. Nilimshika yule mviringo mwenye miiba, ambaye yeye alimwita ursen, nikahesabu meno matano yaliyokutana kama vidole vinavyobana chumvi. Kinywa cha kaa nilikipata kati ya milango midogo midogo inayofunguka pembeni. Kila nilipopatia, Mama Mukubwa alipiga goti lake kwa furaha kana kwamba nimepasi mtihani wa serikali. Nilimwuliza kama hawa wote wanatoka kwenye ziwa letu, kule Kasenyi kunakotoka samaki.

"Hapana. Hii iko ya maji ya chumvi. Chumvi kabisa. Ukiwatia mu maji ya Kasenyi watakufa."

Niliyempenda kuliko wote alikuwa namba kumi na saba. Alikuwa na kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, na mdomo mwembamba kama filimbi. Mama Mukubwa alimwita ipokampi. Hakuzidi urefu wa kidole changu cha kati, lakini alisimama wima, kifua mbele, kama mtu anayeheshimiwa kwao. Niliweza kumtazama mpaka ugali ukapoa.

Walionitisha walikuwa wale wa jiwe. Mmoja alijikunja kama konokono, naye aliitwa amoniti. Mwingine, namba tisa, trilobiti, alifanana na mdudu wa chini ya gogo aliyelala kifudifudi, pingili zake zote zinaonekana, lakini hakuwa na kinywa. Nilimgeuza mara kumi sikukipata.

"Huyu kinywa yake iko chini," alisema Mama Mukubwa. "Jiwe ilifunika. Hata prof hakukuiona. Lakini iko."

"Nini ilimugeuza jiwe?"

Alikuwa anapuliza makaa ili moto wa maharage usizime. Akajibu bila kugeuka, "Alikaa chini muda murefu bila kutikisika."

Jibu lile lilinirudisha nyuma. Wakati wa vita, risasi zilipoanza, mama alikuwa akinisukuma chini ya kitanda na kuninong'oneza, "Kaa kama jiwe. Usitikisike." Nami nilikaa. Nilikuwa hodari wa kukaa, hata baba alinisifu. Sasa nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba yule trilobiti naye aliambiwa hivyohivyo na mama yake, akatii kupita kiasi. Tangu siku ile kila asubuhi nilibonyeza magoti yangu kuona kama bado ni laini. Sikumwambia mtu.

Halafu nikaona kwamba ipokampi ameanza. Mama Mukubwa alisema kwamba alipotoka mtaroni alikuwa laini, na sasa kila Jumapili ngozi yake ilikuwa kavu zaidi, ngumu zaidi, ya kijivu kama jiwe. Nilikata shauri la kumwokoa. Alihitaji maji, tena ya chumvi. Siku ya bomba kutoa maji, Mama Mukubwa alipokwenda shambani, nilifungua sanduku, nikamtoa namba kumi na saba, nikachukua chumvi kiganja kizima jikoni, nikabeba beseni mpaka kwenye bomba la avenyu, yaani la mtaa wetu.

Wamama walikuwa wamepanga bidoni zao, yale madumu ya maji, mstari mrefu. Niliteleza katikati kama watoto wanavyofanya, nikaweka beseni chini ya bomba, nikamwaga chumvi, nikamlaza ipokampi ndani. Alielea. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimeinama nikimwambia aamke polepole wakati mkono uliponishika bega.

Alikuwa Mama Debora, jirani yetu wa upande wa pili wa njia, mwuza karanga. "Nini ile uko natia mu maji?"

Akaingiza mkono na kumtoa. Fikirini alichokiona yeye: kinyama kikavu chenye kichwa cha farasi, kimefungwa uzi mkiani, na kibati chenye alama, ndani ya beseni lililotiwa unga mweupe, chini ya bomba la watu wote. Alikiachia kikaanguka, akakiokota tena kwa mfuko wa plastiki. Wamama walianza kumwaga bidoni zao barabarani, maji waliyongojea tangu alfajiri. Mmoja alikuwa analia kwa sababu mtoto wake alikwisha kunywa.

"Nani alikutuma?" Mama Debora aliniuliza. "Sema. Nani alikutuma?"

Nilifanya lile nililolijua vizuri kuliko yote, nikakaa kama jiwe.

Mchana ule walikuja nyumbani. Mbele alikuwa shefu, yaani mkuu, wa avenyu, Papa Anselme, mzee mwembamba mwenye koti lisilo na vifungo. Nyuma yake wamama wa bombani, na nyuma yao vijana saba au wanane. Mmoja wao, Bahati, alikuwa akichezea kibiriti, anakitikisa, anakirusha, anakidaka. Mwezi uliotangulia, avenyu ya pili, mzee mmoja alichomewa nyumba kwa sababu ya hirizi iliyookotwa mlangoni pake. Sote uani tulijua kibiriti kile kimekuja kufanya nini, na Mama Mukubwa aliyekuwa ndiyo kwanza arudi na jembe begani alijua zaidi.

Papa Anselme alisema, "Mama Veronika, wanasema uko na bitu mu nyumba. Toa siye tuone."

Hakubisha. Alinawa mikono, akatandika mkeka uani, akaliburuta sanduku mwenyewe, akaanza kuwafungua mmoja mmoja kutoka kwenye vitenge na kuwapanga kwa namba. Na alipompanga kila mmoja alimtaja, jina la Kifaransa, kisha la Kilatini, kwa sauti ya prof, na kikohozi. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuonyesha heshima, lakini watu walirudi nyuma hatua mbili.

Bahati akasema, "Musikie. Iko naita mashetani yake kwa majina."

"Mama, tumia luga ya watu," Papa Anselme alimsihi.

Mama Mukubwa akawatazama. Kisha akaanza upya, kama alivyofanya na mimi. Alimnyanyua nyota akamgeuza, akawaonyesha kinywa. Akamnyanyua ursen, akawahesabia meno. Akaeleza kwamba hawa ni wanyama wa shule, wa maji ya chumvi, kwamba yeye aliwapangusa miaka yote, kwamba watoto wao wenyewe walisoma mbele yao. Nilimwona mama mmoja akinyoosha shingo. Udadisi una nguvu zake.

"Mama Debora," akasema, "ule nyama uko naye, mutoe mu mufuko. Hatakuuma. Tafuta kinywa yake."

Mama Debora alimtoa kwa ncha za vidole, akamsogeza karibu na macho.

"Iko hapa," alisema baada ya muda, kwa sauti ndogo. "Kama firimbi."

"Ndio hapo. Na ile tumbo yake iko na mufuko. Kwa hii nyama, baba ndio anabeba mimba."

Mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Tungepata wa namna hii hapa Bunia," na wamama wakacheka, hata yule aliyelia asubuhi. Papa Anselme alijikuna kidevu kuficha tabasamu. Nikadhani yamekwisha.

Lakini Bahati hakucheka. "Kama ilikuwa ya shule," alisema, "ilikuwa ndani ya kitu. Prof alikuwa anaweka mu bokali, mi niliona. Bokali iko wapi?"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Katika kila nyumba ya wale waliosimama pale palikuwa na bokali ya asali, au ya chumvi, au ya mafuta. Nami nilijua ya kumi na saba ilikuwa wapi. Nilikuwa nimetumwa mara nyingi kwa Mama Debora kuchukua karanga, na kila alipoinamisha bokali yake ili kijiko kifike chini, niliiona ile namba nyeupe kitakoni. Siku ya kwanza nilirudi mbio kumwambia Mama Mukubwa. "Najua," alinijibu, akaendelea kuchambua mchele. Aliwajua wote. Alipita nyumba hizo kila siku, akala karanga kutoka kwenye bokali zake mwenyewe, akashukuru.

Nilifungua kinywa. Mkono wake ukatua kichwani pangu, mzito, ukanikandamiza.

"Sijue bokali iko wapi," alisema.

Neno moja lingemwokoa, lakini lingewasha kibiriti kingine, katika nyumba nyingine, na labda mtaa mzima. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona usoni mwake. Alikuwa anaogopa, midomo ilimkauka, na bado mkono ulibaki kichwani pangu. Maisha yangu yote sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu dakika ile.

Bahati alitoa njiti moja. Hapo ndipo nikasema, na nilishangaa kwamba sauti ilitoka.

"Hakuna mutu alinituma. Ni mimi. Alikuwa anaanza kugeuka jiwe. Nilitaka apate maji yake ya chumvi." Nikawa nalia sasa, maneno yanapandana. "Mama alisema nikae kama jiwe chini ya kitanda, nikakaa, na ule nyama namba tisa naye alikaa, muangalie alivyokuwa. Hata kinywa hana. Sikutaka na huyu awe vile."

Kila mwanamke pale uani alikuwa amewahi kumsukuma mtoto chini ya kitanda na kumwambia maneno yale. Mama Debora bado alikuwa ameshika ipokampi karibu na macho yake. Nilimwona akikigeuza kile kibati cha mkiani, akisoma namba, akiisoma tena. Akamlaza mnyama kwenye mkeka taratibu, akatoka uani bila kuaga.

Hakukawia. Aliporudi alikuwa amekumbatia bokali, imeoshwa, inadondosha maji juu ya kitenge chake. Aliiweka mkekani mbele ya watu wote, akaigeuza kitako juu ili namba ionekane.

"Niliinunua sokoni," alisema.

"Najua," akajibu Mama Mukubwa. "Sokoni."

"Sokoni," akasema Papa Anselme pia, haraka, na wamama wawili watatu wakaitika. Bahati aliirudisha njiti kwenye kibiriti, akabaki ameinama akimtazama kaa, akauliza kama yule alikuwa anaweza kubana kidole cha mtu.

Walipoondoka, Mama Mukubwa alikaa chini mkekani. Alinivuta kwenye mapaja yake, akabonyeza magoti yangu yote mawili kama nilivyokuwa nikifanya mwenyewe.

"Jiwe haikumukula ule nyama," aliniambia. "Alikufa yake, matope ikamufunika. Mwili yake iliisha, lakini sura yake, jiwe iliichunga mupaka leo. Weye hauwezi kugeuka jiwe. Weye unakula sana."

Wiki zilizofuata tuliamka na kukuta bokali mlangoni. Moja, siku nyingine mbili, zimeoshwa, au bado zina utelezi wa mafuta. Hatukumwona aliyeleta na hatukuuliza. Nyingi hazikurudi kabisa. Shule ilipofunguliwa, Mama Mukubwa alivaa kitenge chake cha sikukuu, akamkabidhi prof mpya sanduku lake, akamtajia wote bila kukosea, akachukua ufagio na unyoya wake akaanza kazi. Miaka baadaye, magoti yalipomkataa kupanda kwenye kiti, alimchukua Mama Debora amsaidie kupangusa rafu za juu.

Mara ya mwisho nilipokwenda Bunia walinifungulia lile kabati. Nilimwomba Mama Mukubwa anifungulie namba kumi na saba. Formoli ilitupiga puani sote, na chini yake, kwenye mpira wa kifuniko, kwa mbali sana, kulikuwa na karanga. Tulicheka mpaka wanafunzi wakaja kuchungulia.

Aliyenipigia simu wiki iliyopita alikuwa Mama Debora. Alinieleza walivyomzika, nani alikuja, nani aliimba. Akasema ufunguo ameachiwa yeye, anaufunga kiunoni. Halafu akasita, na nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayeona haya kuuliza.

"Binti yangu, ule wa namba tisa. Nimemutafuta kinywa kutoka asubuhi, sikuipata. Veronika alikuambia iko wapi?"

"Iko chini, Mama," nilimwambia. "Jiwe ilifunika. Lakini iko."